Nani Anaiita Rangi? Historia ya Kubadili Rangi za Picha katika Kivinjari na Fundisho Lake kwa Kiswahili cha Nakivale na Mbarara

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kubadili rangi za picha ndani ya kivinjari kwa kutumia lugha ya JavaScript, tangu picha zilipoingia katika kurasa za wavuti mwaka 1993 hadi kanvasi na vichujio vya leo. Yanaonyesha kuwa historia hiyo ina nyuzi mbili. Uzi wa kwanza ni wa namba, nao umejengwa juu ya elimu ya rangi ya zaidi ya karne moja. Uzi wa pili ni wa majina, nao ulisokotwa kwa haraka na watu wachache kwa kufuata bidhaa na macho ya mahali pao. Kwa kutumia mfano wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale na jiji la Mbarara, Uganda, makala yanadai kuwa Kiswahili kisitafsiri orodha ya majina ya rangi iliyomo katika vivinjari. Kiunde orodha yake kutokana na vitu ambavyo wazungumzaji wake wanavijua, kisha kila jina lipewe namba yake.

Maneno makuu: rangi, kivinjari, kanvasi, istilahi, Nakivale, Mbarara

1.0 Utangulizi

Swali la makala haya lilizaliwa na kosa la mwandishi mwenyewe. Katika kuandaa zoezi dogo la programu kwa vijana wa makazi ya Nakivale, niliandika agizo lifuatalo: "Badili rangi ya kitenge iwe hudhurungi." Zoezi lilikuwa la mistari michache ya JavaScript, lakini kilichotuchukua muda kilikuwa neno moja la Kiswahili. Kijana aliyesomea Bukavu hakuwa amewahi kulisikia. Mwenzake kutoka Burundi alidhani ni jina jingine la zambarau. Wa tatu, aliyepata kuishi Kigoma, alisema ni rangi ya kahawa, ila hakuwa na hakika kama ni kahawa iliyokaangwa au iliyokwisha kutiwa maziwa. Hatimaye mmoja wao akasema: "Mwalimu, utupatie namba tu." Nikawapa 139, 69 na 19. Picha ikabadilika papo hapo na mjadala ukafungwa.

Mjadala ulifungwa bila kujibiwa. Namba ilitosha kwa mashine, na vijana wale wakaondoka wakiwa wamejifunza, pamoja na mambo mengine, kwamba Kiswahili kinafaa kuzungumzia kompyuta lakini hakifai kuiagiza. Makala haya yanauliza kama fundisho hilo ni la kweli, na yanatafuta jibu katika historia.

Nakivale ni mahali panapostahili kuulizwa swali hili. Makazi hayo, yaliyoko wilaya ya Isingiro kusini-mashariki mwa Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo, yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Kiswahili ni mojawapo ya lugha zinazowaunganisha watu hao, hasa Wakongo na Warundi, lakini si Kiswahili cha aina moja: kuna cha Kivu chenye maneno ya Kifaransa, cha Bujumbura, cha waliopitia makambi ya Tanzania, na kile cha Uganda kwenyewe.

Mbarara, jiji linalohudumia eneo hilo, lina historia yake na lugha hii. Kwa muda mrefu wenyeji wengi wa Ankole walikisikia Kiswahili kutoka kambini. Kambi ya Simba ilishambuliwa na wapinzani wa Idi Amin waliovuka kutoka Tanzania mwezi Septemba 1972, na mwaka 1979 mji wenyewe uliharibiwa vibaya katika vita vya kumwondoa Amin. Kiswahili kilitangazwa lugha ya taifa mwaka 1973 kwa amri ya kijeshi, kikafanywa lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Lugha inayopewa kazi mpya ya darasani haiwezi kuepuka swali la kama inaweza pia kuagiza mashine.

2.0 Kabla ya kivinjari: umbo na rangi kutenganishwa

Kubadili rangi ya picha kunategemea wazo moja: kwamba umbo ni kitu kimoja na rangi ni kitu kingine, na kwamba kimoja kinaweza kubaki huku kingine kikiondoka. Wazo hilo halikuletwa na kompyuta, na watu wa pwani yetu walikuwa wakiliona madukani kabla hazijakuwepo. Kanga ilipoenea Zanzibar na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, wanawake walizoea kuukuta mji uleule na pindo lilelile katika rangi mbalimbali. Mnunuzi huchagua mara mbili: kwanza nakshi na jina, kisha rangi. Muuzaji wa vitenge Mbarara naye anajua kuwa swali la mteja ni lilelile: "Hiki hakipo cha kijani?"

Mfano wa pili ni postikadi za Zanzibar. Wapiga picha wa mji huo, kama vile A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, walipiga picha nyeusi na nyeupe za mitaa, bandari na watu. Postikadi nyingi za enzi hizo zilichapishwa Ulaya, hasa Ujerumani, na rangi zikatiwa huko juu ya picha iliyokwisha kupigwa. Aliyetia rangi ya kanga, ya bahari au ya ngozi ya mwanamke aliyesimama mlangoni kwa kawaida hakuwa amewahi kumwona mtu huyo wala kufika mahali pale. Umbo lilitoka Zanzibar na rangi ikatoka kwingine. Tutaona kuwa mgawanyo huo ulijirudia katika kompyuta.

Msingi wa kisayansi uliwekwa na James Clerk Maxwell. Mwaka 1861, jijini London, alionyesha picha ya utepe iliyopigwa mara tatu kupitia vichujio vyekundu, vya kijani na vya buluu. Picha tatu hizo ziliporushwa pamoja ukutani kwa taa tatu zenye vichujio vilevile, rangi za utepe zilionekana. Tangu hapo rangi yoyote ya picha iliweza kufikiriwa kuwa kiasi fulani cha vitu vitatu. Kioo cha simu iliyoko mkononi mwa kijana wa Nakivale kinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo.

3.0 Picha isiyoguswa, 1993–2004

Kivinjari Mosaic, kilichotolewa mwaka 1993 na kituo cha NCSA huko Illinois, Marekani, ndicho kilichoeneza desturi ya kuonyesha picha ndani ya ukurasa pamoja na maandishi. Picha hiyo hata hivyo ilikuwa kitu kilichofungwa. Ilipofika kutoka kwenye seva ilionyeshwa jinsi ilivyo, na mwandishi wa ukurasa hakuwa na njia ya kugusa hata nukta moja ya rangi yake.

Mwezi Mei 1995 Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliandika kwa siku kumi toleo la kwanza la lugha ambayo, baada ya kuitwa Mocha na kisha LiveScript, ilipewa jina la JavaScript mwezi Desemba mwaka huohuo. Mwaka 1996 Netscape Navigator 3 iliiruhusu lugha hiyo kubadili chanzo cha picha: kipanya kikipita juu ya kitufe cha buluu, kitufe hicho kinaondolewa na chekundu kinawekwa mahali pake. Kwa mtazamaji rangi ilikuwa imebadilika. Kwa kweli picha mbili zilikuwa zimeshapakuliwa na moja imeficha nyingine. Mwenye rangi kumi alihitaji picha kumi.

Kulikuwa na kikwazo cha vifaa pia. Kompyuta nyingi za miaka hiyo zilionyesha rangi 256 tu kwa wakati mmoja, na watengenezaji wa kurasa walishauriwa kutumia rangi 216 zilizotarajiwa kuonekana vilevile kila mahali, yaani viwango sita vya nyekundu, mara sita vya kijani, mara sita vya buluu. Picha za muundo wa GIF, uliobuniwa mwaka 1987, hubeba ndani yake orodha ya rangi zisizozidi 256, na kila nukta husema tu "mimi ni namba fulani katika orodha." Kubadili orodha hiyo kungebadili rangi za picha nzima bila kugusa umbo, lakini vivinjari havikuipa JavaScript mlango wa kuifikia.

4.0 Kanvasi na hesabu ya nukta

Mlango ulifunguliwa mwaka 2004, pale kampuni ya Apple ilipobuni kanvasi kwa ajili ya mfumo wake wa Mac OS X na kivinjari Safari. Kanvasi ni eneo tupu la ukurasa ambalo programu inaweza kulichora. Firefox iliipokea mwaka 2005 na Opera mwaka 2006. Internet Explorer ilichelewa hadi toleo la 9 la mwaka 2011, na kwa sababu hiyo wengi hawakuthubutu kuitegemea kabla ya hapo. Jambo kubwa halikuwa kuchora peke yake. Kanvasi ilikuja kuruhusu pia kusoma: programu huweka picha juu yake, huomba orodha ya nukta zake, hubadili orodha, kisha huirudisha.

Kila nukta, au pikseli, huwakilishwa na namba nne kuanzia 0 hadi 255: kiasi cha nyekundu, cha kijani, cha buluu, na cha uwazi. Namba tatu za kwanza zinatoa michanganyiko 16,777,216. Ili kubadili rangi bila kuharibu mikunjo ya kitambaa, programu hutafuta kwanza ung'avu wa nukta, kisha huutumia kupima rangi mpya. Ung'avu haupatikani kwa kugawanya sawasawa, kwa kuwa jicho la binadamu huona kijani kuwa angavu kuliko nyekundu, na nyekundu kuliko buluu. Uzani unaotumiwa sana, uliorithiwa kutoka kwenye televisheni ya rangi ya Marekani ya mwaka 1953, ni 0.299 kwa nyekundu, 0.587 kwa kijani na 0.114 kwa buluu.

Tuchukue nukta ya kitenge yenye namba 200, 100 na 50. Ung'avu wake ni 59.8 + 58.7 + 5.7, yaani takribani 124, ambao ni kama asilimia 49 ya 255. Tukitaka kitenge kiwe na rangi ya 75, 0 na 130, tunaichukua kila namba mara 0.49, na nukta yetu inakuwa 37, 0 na 64. Penye kivuli rangi mpya inafifia kuelekea weusi, na penye mwanga inabaki imekoza. Kazi hiyo hurudiwa kwa kila nukta, na simu ya kawaida humaliza picha ndogo kabla mtumiaji hajainua kidole.

Hesabu hiyo haijui kitenge ni kipi na mvaaji ni nani. Picha ya msichana aliyevaa kitenge ikipitishwa humo, uso wake nao unageuka rangi. Ndiyo maana mafundi huandaa picha ya pili, nyeupe pa kugusa na nyeusi pa kuacha, ili programu ibadili nguo peke yake. Anayekumbuka postikadi za Zanzibar ataona kwamba hatua hii inastahili kufundishwa mapema: ngozi ya mtu haipaswi kuwa mahali pa kufanyia majaribio ya rangi kwa sababu tu programu haikuambiwa pa kuishia.

Njia ya pili ilikuja kupitia lugha ya mitindo ya CSS. Kuanzia mwaka 2012 vivinjari vilianza kupokea vichujio vinavyoweza kuzungusha rangi, kuzififisha au kuzigeuza kijivu kwa mstari mmoja tu, na JavaScript ikaachiwa kazi ya kubadili kiwango. Vichujio ni vyepesi, lakini huigusa picha yote kwa pamoja. Kanvasi ina kazi zaidi, ila humpa mtumiaji mamlaka juu ya kila nukta.

5.0 Kwa nini jambo hili lina uzito Nakivale

Mtu anaweza kuona kuwa haya ni mapambo. Hesabu ya data inaonyesha vinginevyo. Tuchukulie kuwa fundi cherehani anataka kuonyesha kitenge kimoja katika rangi 12, na kila picha ina kilobaiti 150. Kwa mbinu ya mwaka 1996 mteja atapakua kilobaiti 1,800. Kwa mbinu ya kanvasi atapakua picha moja ya kilobaiti 150 na programu ya kilobaiti chache, na rangi 11 zilizobaki zitatengenezwa na simu yake mwenyewe. Nchini Uganda, ambako tarehe 1 Julai 2018 ilianza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii, na ambako mwezi Julai 2021 kodi hiyo ilibadilishwa na ushuru wa asilimia 12 juu ya data, tofauti hiyo inalipwa kwa fedha taslimu. Kwa anayenunua bando dogo la siku, ndiyo tofauti kati ya kuona bidhaa na kutoiona.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mijini hulipita haraka. Vivinjari vina kanuni ya usalama: picha iliyotoka kwenye tovuti nyingine inaweza kuonyeshwa juu ya kanvasi, lakini nukta zake haziwezi kusomwa na programu bila idhini ya tovuti hiyo. Kanuni hii ni ya haki, kwani bila hiyo ukurasa wowote ungeweza kuiba picha za siri za mtumiaji. Tatizo ni kuwa baadhi ya vivinjari huihesabu picha iliyohifadhiwa kwenye kifaa chenyewe kuwa ya kigeni vilevile. Mwanafunzi anayepokea somo kwa Bluetooth au kwa memori kadi, akalifungua bila intaneti, hukuta programu iliyofanya kazi kwa mwalimu inakataa kwake. Anadhani amekosea, kumbe kivinjari kimemzuia. Tiba zipo: kumwachia mtumiaji achague picha mwenyewe kupitia kitufe cha kuchagulia faili, kuiandika picha ndani ya ukurasa kama maandishi, au kutumia vichujio visivyohitaji kusoma nukta. Somo la Kiswahili lililoandikwa kwa ajili ya Nakivale linapaswa kuanza na tiba hizo, kwa kuwa somo lililoandikwa kwa ajili ya mwenye mtandao wa kudumu huzitaja mwishoni au halizitaji kabisa.

6.0 Majina ya rangi yalivyoingia katika kivinjari

Hadi hapa tumefuata uzi wa namba. Uzi wa majina una sura nyingine kabisa. Mtengenezaji wa ukurasa halazimiki kuandika namba. Anaweza kuandika jina la rangi kwa Kiingereza na kivinjari kikamwelewa. Swali ni nani aliyeyachagua majina hayo.

Mengi yalitoka katika mfumo wa madirisha uitwao X, uliozaliwa katika chuo cha MIT mwaka 1984. Mfumo huo ulikuwa na faili moja ya majina ya rangi na namba zake. Mwaka 1989 faili hiyo ilipanuliwa sana. Baadhi ya majina mapya yalifuata sampuli za kampuni ya rangi za nyumba iitwayo Sinclair, na mengine yalifuata boksi la kalamu za rangi 72 za Crayola, ambazo watoto wa Marekani huchorea. Namba zilirekebishwa kwa kutazama vioo vya kompyuta vilivyokuwepo ofisini. Hakukuwa na mkutano wa wanaisimu wala uchunguzi wa wazungumzaji.

Toleo la kwanza la CSS, la mwezi Desemba 1996, lilikubali majina 16 tu, yaliyolingana na rangi za msingi za kompyuta za Windows. Baadaye muundo wa michoro wa SVG wa mwaka 2001 uliingiza majina 147 kwa kuunganisha orodha hiyo na ile ya X. Mgongano wa orodha mbili uliacha makovu ambayo yapo hadi leo. Rangi ambayo X iliiita kijani ina namba 0, 255 na 0, ilhali kijani ya kivinjari ni 0, 128 na 0. Kijivu ya kivinjari ni 128 mara tatu, lakini rangi iitwayo kwa Kiingereza "kijivu iliyokoza", iliyotoka kwenye X, ni 169 mara tatu, yaani imefifia kuliko kijivu ya kawaida. Kosa hilo linajulikana na halisahihishwi, kwa sababu kurasa nyingi mno zinalitegemea.

Mwaka 2014 jina jingine liliongezwa kwa sababu isiyohusiana na elimu ya rangi. Rebecca, binti wa mtaalamu wa CSS Eric Meyer, alifariki siku alipotimiza miaka sita. Alipenda rangi ya zambarau, na jumuiya ya watengenezaji wa wavuti ikaipa rangi ya 102, 51 na 153 jina lake. Tukio hili la huzuni linatufundisha jambo: orodha ya majina ya rangi haikushuka kutoka mbinguni. Ni kumbukumbu ya watu fulani, na watu wakiwa na sababu nzuri inaweza kuongezwa.

7.0 Majina ya rangi katika Kiswahili

Kiswahili kina vivumishi vitatu vya rangi vinavyopokea upatanisho wa ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine zote hutajwa kwa jina la kitu au kwa neno la kukopa. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, waridi ni ua, chungwa ni chungwa, manjano ni bizari, samawati ni mbingu za Waarabu, na damu ya mzee inajieleza yenyewe. Muundo wa "rangi ya" kitu fulani uko wazi, na mzungumzaji anaweza kuunda jina jipya leo akaeleweka leo.

Brent Berlin na Paul Kay walipochapisha utafiti wao wa majina ya msingi ya rangi mwaka 1969, Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha 20 ambazo wazungumzaji wake walionyeshwa vipande 329 vya rangi. Wengi wa wazungumzaji hao walipatikana eneo la San Francisco, mbali na Unguja na mbali zaidi na ziwa Nakivale. Vigezo vya utafiti huo viliyaona majina yanayotokana na vitu kuwa na mashaka, kana kwamba kusema rangi ya majivu ni kutokuwa na jina. Kwa mtengenezaji wa programu upungufu huo unageuka faida: jina linalotokana na kitu hubeba kipimo chake. Watu wawili wakibishana juu ya rangi ya majivu wanaweza kwenda jikoni.

Hapo ndipo kutafsiri orodha ya Kiingereza kunapopotosha. Rangi ya 75, 0 na 130 niliyoitumia katika hesabu ya sehemu ya nne ina jina katika kivinjari, na kamusi itatuambia kuwa kwa Kiswahili jina hilo ni nili. Lakini nili ambayo mama zetu walitia katika maji ya kusuzia nguo nyeupe ni buluu iliyokoza, na rangi ya kivinjari inaelekea zambarau. Manjano ya kivinjari, 255, 255 na 0, ni kali kama limau, ilhali bizari imeelekea chungwa. Machungwa mengi ya Uganda huiva yakiwa na ganda la kijani, na mzungumzaji anaposema "rangi ya chungwa" anafikiria kilichomo ndani. Kahawia nayo, katika nchi inayolima kahawa, haijajieleza: tunda bivu ni jekundu, buni ni ya kijivu na kijani, na iliyokaangwa karibu ni nyeusi. Vijana wangu walikuwa na haki ya kuuliza.

Majirani wa Nakivale wanatupa mfano wa ziada. Wafugaji wa Ankole wana msamiati mpana wa rangi na mabaka ya ng'ombe wao wenye pembe ndefu, kiasi kwamba mwaka 2003 kilitolewa kitabu kizima juu ya majina hayo. Neno *bihogo*, kwa mfano, hutaja ng'ombe mwenye wekundu uliokoza wa udongo. Mfugaji hahitaji namba kuitambua bihogo katika kundi. Wakongo nao wamekopa majina ya Kifaransa, hasa kwa buluu, kijani na manjano, na Waganda wana majina yao. Mtu akikusanya majina hayo kwa haraka ataona vurugu. Akiyakusanya kwa utulivu ataona kuwa wazungumzaji wanatofautiana zaidi katika majina kuliko katika vitu: jani, jivu na udongo wanavijua wote.

8.0 Pendekezo na hitimisho

JavaScript haidai jina liwe la Kiingereza. Programu inaweza kuwa na orodha ndogo ya mistari, kila mstari ukiwa na jina la Kiswahili upande mmoja na namba tatu upande wa pili, na kanvasi ikatii agizo lililoandikwa kwa jina hilo. Makala yanapendekeza mambo matatu kwa yeyote atakayeunda orodha hiyo.

Kwanza, namba zichaguliwe kwa kuwaonyesha wazungumzaji rangi na vitu vyenyewe, si kwa kutafsiri kutoka orodha ya X. Pili, namba moja ikubali majina zaidi ya moja, ili kijani na rangi ya majani, kahawia na hudhurungi, ziweze kukaa mstari mmoja bila mwenye lahaja kuambiwa amekosea. Usanifishaji wa aina hii hauhitaji kuua jina la mtu. Tatu, wazungumzaji wa Nakivale wawemo tangu mwanzo, kwani huko Kiswahili cha nchi kadhaa kinakutana kila siku sokoni na shuleni, na jina linaloeleweka huko lina nafasi nzuri ya kueleweka kwingineko. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, pamoja na vyuo vya Mbarara, vina uwezo wa kuibeba kazi hii, na haihitaji fedha nyingi.

Kazi hii ina mtangulizi. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili, na maneno ambayo wengi waliyacheka wakati ule sasa yamo katika simu zetu. Mradi ule ulimfanya mtumiaji asome mashine kwa Kiswahili. Hatua iliyobaki ni kumfanya aiagize.

Tumeona kuwa uzi wa namba ulijengwa hatua kwa hatua, kuanzia Maxwell hadi kanvasi, nao ni wa kila mtu. Uzi wa majina ulifungwa ofisini na watu wachache waliokuwa na boksi la kalamu za rangi mezani. Hatuna sababu ya kuwalaumu, kwa kuwa walitaja walichokiona. Nasi tuna jani, jivu, bizari, nili na udongo mwekundu wa Isingiro. Siku nitakaporudi na zoezi lile sitaondoa neno hudhurungi. Nitaandika mbele yake rangi ya kahawa iliyokaangwa, niwape vijana kipande cha rangi na punje ya kahawa, na kuwaomba wao ndio wanipatie namba.